Vishikio vya Moto na Siti ya Nyuma

Mume wangu na rafiki zake wawili walikuwa na pikipiki za aina moja, kubwa na nzito, zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wanaovuka nchi tatu kabla ya kulala. Sisi tunaishi Unguja. Ukitoka Mji Mkongwe na pikipiki kama ile, safari haijakolea, umeshaiona bahari ya upande wa pili. Hilo halikuwasumbua hata kidogo. Walisema usafiri uko moyoni, hauko kwenye umbali, na mimi nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshika sinia.

Kila baada ya Alasiri, isipokuwa Jumapili, walikaa kwenye baraza ya mawe nje ya mlango wetu: mume wangu, aliyestaafu ofisi ya ardhi, mwenzake, aliyestaafu bandarini, na muuza vitambaa wa Darajani, ambaye hakustaafu ila duka kamwachia mkewe. Niliwatolea dele la kahawa na kashata, kisha nikarudi ndani kukaa karibu na dirisha kuchambua mchele. Mwaka ule tulikula wali msafi kuliko miaka yote ya ndoa yangu, maana mjadala ulikuwa mrefu na mimi sikutaka kuukosa.

Mjadala wenyewe ulihusu toleo jipya la pikipiki yao. Muuza vitambaa aliliona kwenye simu, akaja mbio na habari. Mshale wa mwendo umeondolewa, umewekwa kioo kama cha televisheni. Ufunguo hauchomekwi tena, unakaa mfukoni. Kioo cha kuzuia upepo kinapanda na kushuka kwa kitufe. Na msiba mkubwa kuliko yote: vishikio vya moto havipo.

Pikipiki zao za zamani zilikuwa na kitufe cha kupasha moto vishikio vya usukani, ili mikono ya dereva isife ganzi kwa baridi. Nilimwona mume wangu akikibonyeza kitufe kile mara moja tu, siku alipokuwa akimwonyesha mgeni kutoka Pemba, na mgeni aliruka kama aliyeshika sufuria bila kitambaa. Lakini alipoambiwa kimeondolewa, aliipokea habari kama amefiwa.

"Wametudharau," alisema. "Wametuona sisi watu wa joto."

"Lakini sisi si watu wa joto kweli?" aliuliza mstaafu wa bandari.

"Ndiyo, lakini si wao wa kutwambia!"

Walilizungumza jambo hilo Alasiri tatu. Ya kwanza waliwalaumu watengenezaji. Ya pili walilaumiana wao kwa wao kwa kuikosea heshima pikipiki. Ya tatu, muuza vitambaa alileta hoja kwamba Kidichi, asubuhi ya mwezi wa saba, huwa kuna ubaridi fulani, na wakakubaliana kwamba hoja ile ina uzito. Mimi nimezaliwa Unguja nikakulia Unguja. Baridi ya Kidichi inatibika kwa kikombe cha chai.

Siku zote hizo hakuna hata mmoja aliyetaja siti ya nyuma. Wangeitajaje? Hakuna aliyewahi kuikalia.

Siti ya nyuma ni yangu. Nimeikalia zaidi ya miaka kumi, kwa upande, kama wanavyokaa wanawake wengi wa huku, miguu yote miwili kushoto na buibui nimeibana mapajani. Kwa ajili hiyo mume wangu alimpelekea fundi wa Jang'ombe pikipiki ile ya zamani, akaichomelea kibao cha chuma upande wa kushoto, cha kuwekea miguu. Siti yenyewe ilikuwa ndefu na bapa kama benchi la chuoni. Nilikaa raha mustarehe, na kila Jumapili alinipeleka Chwaka kwa mama.

Mama alilima mwani mpaka magoti yakamkataa. Sasa anakaa na mdogo wangu, anayemhudumia kwa kila kitu isipokuwa kichwa. Kichwa chake mama hakumruhusu mtu mwengine akiguse. Ni mimi nimfumue, nimpake mafuta ya nazi, nimchane, nimsuke, na kazi hiyo hataki ifanywe mpaka jua lipoe, kwa sababu jua likiwa kali anasema mafuta yanamchemka utosini. Kwa hiyo tulikuwa tukirudi mjini baada ya Alasiri, taratibu, na mimi nimeridhika na wiki yangu.

Basi mume wangu akaiuza pikipiki ya zamani akanunua mpya. Siku ilipoletwa, wote watatu waliisindikiza kama bibi harusi. Masanduku mawili yalikuwa yamefungwa ubavuni, na wanaume waliokuwa wamekijadili kila kitufe walisahau kwamba nyumba yetu iko kwenye uchochoro wenye baraza huku na huku. Ilinasa. Ilibidi masanduku yafunguliwe hapohapo, watoto wa mtaa mzima wakishangilia, na tangu siku ile yakawa yanalala sebuleni kwangu, kando ya kabati la vyombo.

Nilicheka, sikatai. Kisha nikaitazama siti ya nyuma, kicheko kikanikauka. Ilikuwa imenyanyuliwa juu, imefinywa, ukubwa wake kama sahani ya biriani. Kushoto, pale ambapo kibao changu kingekuwepo, bomba la moshi lilipanda mpaka karibu na siti. Moto ulioondolewa mikononi mwao ulikuwa umehamia miguuni mwangu.

Nilijaribu kupanda kiume, nimevaa suruali ndani ya buibui. Nina miaka hamsini na sita na nyonga ya kushoto haitaki mzaha. Hatukufika hata Amani. Nilimgonga mgongoni anishushe barabarani, nikarudi nyumbani nikichechemea.

Jioni nilitoka na dele la kahawa, nikasema mbele yao: "Bwana, ipeleke kwa fundi. Achomelee kibao, na bomba alifunike bati."

Mstaafu wa bandari akaweka kikombe chini. "Shemegi, fundi akiigusa tu, garantii imekufa."

"Imekufa kabisa," alisema muuza vitambaa.

Mume wangu alinitazama kama mtu aliyefungwa mikono na sheria. Kiwanda kilichotoa garantii hiyo ya kutengenezewa bure kilikuwa ng'ambo, na kisiwani petu hakikuwa na hata meza. Kahawa niliyowamiminia ilikuwa bado inafuka moshi na mjadala umeshakwisha. Vishikio vya moto vilipata siku tatu. Mimi sikupata hata kikombe kimoja. Niliingia ndani nikalia, na nililia kwa hasira, si kwa huzuni.

Nikaanza kwenda Chwaka kwa gari ya abiria. Gari ya mwisho ya kurudi ilikuwa ikiondoka jua bado liko juu. Jumapili ya kwanza nilimwacha mama kasukwa upande mmoja. Ya pili nilimfumua tu, wakati ukanitupa mkono. Alijifunga mtandio wake akasema si kitu, na niliijua sauti ile. Ndiyo aliyoitumia alipokuwa akirudi pwani na mwani wake umeoza.

Jumapili ya tatu mume wangu alitaka kuja kumsalimia mkwewe. Nilipanda gari, naye akaja nyuma yetu na pikipiki yake, masanduku yote mawili yakiwa ubavuni: moja limebeba mkate wa mofa, la pili chupa ya mafuta ya nazi. Abiria wenzangu walimtazama kupitia dirisha la nyuma wakauliza yule ni nani anayetufuata. Nikasema simjui.

Mama alitupokea uani. Mume wangu akainama. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmegombana?"

"Hatujagombana, mama."

"Mbona yeye kaja na gari nawe umekuja na pikipiki?"

Akamweleza. Alimweleza siti, bomba, garantii, kila kitu, kwa adabu na kwa urefu. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Jua likapoa kidogo, nikakaa nyuma yake nikaanza kumchana, na sijamaliza hata robo, mdogo wangu akaja kuniambia gari inapiga honi.

Nikainuka. Mama akanikamata mkono, akalichukua chanuo kwenye vidole vyangu, akamnyooshea mkwewe.

"Ye' mwache awahi gari yake," alisema. "Wewe una pikipiki, huna haraka. Kaa hapa umalize."

Kwetu mkwe wa kiume hata kikombe alichonywea mama mkwe hukipokea kwa mikono miwili, macho chini, seuze kumshika kichwa. Mume wangu alilitazama lile chanuo, akanitazama mimi, akaitazama pikipiki yake. Hakuna kitufe kilichomsaidia. Mama alikuwa ameshavua mtandio na mvi zake zote ziko wazi, anangoja.

"Naam, mama," alisema, akakaa.

Alirudi mjini Magharibi imeshaadhiniwa, mikono inanuka mafuta ya nazi. Asubuhi nilimwona anaisukuma pikipiki uchochoroni kuelekea Jang'ombe kwa fundi. Wenzake walimwita kutoka barazani, wakimuuliza anakwenda wapi. Aliwapita bila kugeuka.