Jina Kwenye Kadi ya Gari

Zulekha alianza kuuza vitenge Kariakoo akiwa amembeba mdogo wake Hashimu mgongoni. Mama yao alifia Lindi, Hashimu akiwa na mwaka mmoja, na tangu hapo dada ndiye aliyekuwa mama. Sasa alikuwa na duka lake Mtaa wa Msimbazi, na Hashimu ndiye aliyesafiri kwenda China kufuata mzigo.

Huko ndiko alikoliona lile gari la umeme. Akapiga simu ya video, akamwonyesha: viti vya ngozi, paa la kioo, skrini pana kama televisheni.

"Dada, halinywi mafuta hata tone. Hata mlio halina."

Zulekha hakuwahi kujinunulia kitu cha anasa. Akachagua rangi ya maziwa, akatoa fedha, na mambo yote ya bandarini na usajili akamwachia Hashimu. Lilipofika, Hashimu alimfungulia mlango wa nyuma, wakavuka na pantoni ya Magogoni hadi Kigamboni. Njia nzima Zulekha alikuwa akipapasa kiti kwa kiganja.

Bima ilipokwisha, Hashimu alikuwa safarini. Zulekha akaichukua kadi ya gari, akaenda mwenyewe kwa wakala karibu na Mnazi Mmoja. Binti wa mezani aliisoma, akainua macho.

"Mama, huyu Hashimu ni nani wako?"

"Mdogo wangu. Kwa nini?"

"Gari ni lake. Tunamhitaji yeye mwenyewe."

Zulekha akadhani karani amekosea. Hashimu aliporudi, alimuuliza taratibu, huku akimmiminia chai. Hakukana.

"Dada, wewe hata kuendesha hujui. Jina la nini? Si unapanda tu unapotaka?"

Alilisema bila haya, kama mtu anayemwelekeza mtoto. Hilo ndilo lililomchoma Zulekha kuliko gari lenyewe.

Jumamosi Hashimu alikuja na gari kulichaji kwa dada yake kama kawaida, maana alikopanga hakuna pa kuchajia. Akakuta fundi ameshang'oa chaja ukutani.

"Sasa nitachaji wapi, dada?"

"Mwenye gari ndiye anayejua."

Akamwomba na funguo za duka. Hashimu akazitoa, akaondoka bila kuaga.

Mwezi uliofuata Zulekha alikwenda kujaza fomu ya pasipoti ili afuate mzigo mwenyewe. Palikuwa na nafasi ya kuandika ndugu wa kutaarifiwa akipatwa na jambo. Alishika kalamu muda mrefu, kisha akaandika jina la Josepha, mwanamke wa duka la jirani.