Kamba ya Ngamia wa Kiajemi

Nilisafiri kwa sababu ya ng'ombe mwenye hofu. Nachora mabango ya maduka hapa mtaa wa La Rochelle, na Bwana Shabani, mtu wa Tanga, alinipa ukuta wa bucha yake nimchoree ng'ombe na mchungaji wake. Nilipomaliza, alisimama barabarani, mikono kiunoni.

"Kijana, huyu ng'ombe anajua anakwenda kuchinjwa. Nani atanunua nyama ya mnyama mwenye wasiwasi? Asipotulia kufikia Jumamosi, namwita mchoraji mwingine afute ukuta mzima."

Ulikuwa ukuta wangu wa kwanza, na sikukubali ufutwe.

Jirani na bucha anasuka nywele dada Zuhura. Alinionyesha kwenye simu mchoro wa zamani wa wino kutoka Uajemi, ngamia na mtunzaji wake, uliowekwa katika nyumba ya sanaa mtaa wa Doornfontein, upande wa mjini. Kiingilio bure, lakini nilimwambia mahali kama pale mimi siingii.

"Huyo ngamia katulia kama bibi harusi," alisema. "Nenda ukamwone. Wewe nawe, unachora ukuta mtaa mzima unakutazama, halafu unaogopa mlango!"

Alhamisi asubuhi nilipanda basi hadi mjini, kisha nikatembea robot hadi robot, yaani taa za barabarani, nikizipita karakana za kuchomelea vyuma na wanafunzi wenye mabegi mgongoni.

Doornfontein nilifika mapema, nikaupita mlango wa kioo wa nyumba ya sanaa mara mbili. Mara ya tatu nilikuwa najisemea, "Ingia, ingia," na mlinzi, baba mmoja wa Bukavu, akanisikia.

"Basi ingia, petit, mdogo wangu! Karatasi haiumi mtu."

Mchoro ulikuwa ukutani, si mkubwa kuliko sinia. Ngamia alichorwa kwa wino mzito tumboni, mwembamba shingoni. Mtunzaji alikaa chini mbele yake, kilemba kimemlegea. Nilitazama macho, masikio, magoti. Sikuona kilichonishinda mimi. Nilitoa kalamu, mlinzi akanizuia: wino hauruhusiwi mle ndani. Akanipa penseli yake.

"Haujachoka?" aliniuliza baadaye.

"Bado."

"Sharp, sawa."

Nikaanza kunakili kila mstari, polepole, na mkono ndio ulioniambia. Kamba! Ilitoka kiganjani mwa mtunzaji, ikalala chini, ikajikunja, ndipo ikapanda shingoni. Hakuna aliyekuwa akimvuta mwenziwe. Mimi kamba ya ng'ombe nilikuwa nimeipiga kwa uzi wa chaki, kama tunavyopiga mistari ya herufi: unavuta uzi, unauachia, mstari unanyooka. Ng'ombe wangu alikuwa anaburutwa.

Nilirudi La Rochelle jioni ile, penseli nimemrudishia mwenyewe.

Ijumaa nilifuta kamba na mkono wa mchungaji. Uzi niliuacha nyumbani. Nilichora kwa mkono mtupu. Pale mkono ulipokosa kunyooka, kamba ililegea vizuri zaidi. Nimejifunza kwamba unyoofu ninaousifia katika herufi unaweza kumtesa mnyama, na kwamba kitu cha kuigwa ni lazima ukifuate kilipo, hata kama miguu haitaki kuingia.

Jumamosi Bwana Shabani alisimama tena barabarani. Alinisubiri mpaka nikashuka ngazi.

"Sasa umeniharibia kazi," alisema. "Huyu hata mimi namwonea huruma kumchinja."

Akaingia ndani bila kumwita mchoraji mwingine, akafungua bucha.