Jiwe la Udaga la Veneranda

Haya nitakayoandika hamtayaamini, na msipoyaamini shauri yenu. Mimi Dismasi niliishia darasa la nne, lakini macho yangu yalisoma mpaka la kumi na mbili.

Mwaka tisini na saba watu walikuwa wanavuka ziwa wakikimbia vita. Shemeji yangu Veneranda, mjane wa kaka yangu, alipokea mama mmoja na watoto wanne nyumbani kwake, mbele kidogo ya Mwandiga. Walichokula wote ni udaga: mihogo anailoweka, anaianika juu ya jiwe pana kando ya barabara. Jiwe lenyewe alilifagia mpaka ungelilamba.

Usafi ndio uliomponza! Wazungu wa msaada waliokuwa wakipanda genge la mawe la huko juu kwa kamba kila Jumapili, Veneranda akiwa kanisani, waliliona jiwe jeupe wakadhani limetengenezwa kwa ajili ya gari lao. Wakapaki. Wakakata njia katikati ya maharage yake kwenda gengeni. Mihogo iliyotoka majini haingoji. Ikikosa jua inaoza. Jumapili mbili, mabeseni mawili yakaliwa na funza. Damu inanichemka mpaka leo!

Veneranda akamfuata dereva wao, Anatoli, Muha mwenzetu kabisa.

"Mama, hawa wanasaidia wakimbizi."

"Na hawa watano ndani kwangu ni watalii?"

Jumapili ya tatu hakupiga kelele. Wazungu walipokuwa juu ya genge na Anatoli amesinzia kivulini, Veneranda na mgeni wake wakaanika mihogo mibichi kuzunguka gari lote: mbele ya matairi, nyuma, uvunguni, mpaka juu ya boneti.

Jioni mzungu mmoja mrefu akashuka na kamba zake. "Anatoli, twende."

Anatoli akatazama chini. "Siwezi. Hiki ni chakula."

"Endesha tu!"

"Chakula hakikanyagwi hata kwa mguu, sembuse tairi. Endesha wewe."

Mzungu akamtazama Veneranda. Ufunguo alionyooshewa hakuupokea. Anatoli akavua viatu, akainama aokote mihogo.

"Koma! Hakijakauka. Njoo Jumatano."

"Shikamoo, mama..."

"Shikamoo yako ianike hapo nayo."

Wakatembea mpaka Mwandiga, kamba mabegani, wale wanaogawa chakula kwa malori! Tangu siku hiyo walipaki chini kwenye njia panda, wakazunguka shamba kwa njia ya mbuzi.

Na msidhani mwanamke yule alikuwa peke yake. Mimi nilisimama mbele ya magari yale saba, panga mkononi, nikawafokea kwa Kiingereza na Kifaransa kidogo...

"Saba?" Veneranda yuko hapa anachekecha unga, kumbe anasikia ninavyojisomea. "Shemeji, gari lilikuwa moja. Na aliyewaonyesha jiwe langu ni wewe, kwa soda mbili."

Soda mbili! Ndugu wasomaji, ilikuwa moja, tena ya moto, na mimi nilichowaambia ni kwamba Jumapili mwenye jiwe huwa kanisani.