Mzee Aliyepimwa Huzuni Mara Mbili

Kazi ya kuwauliza wazee kama wana huzuni inachosha kuliko kuchimba kisima, na sisemi hivyo nionewe huruma. Nimezaliwa Lodwar, Kiturkana nimekinyonya kwa mama, ndiyo maana mradi ulinichukua. Nilipewa tableti yenye maswali na sharti moja: soma swali lilivyo, usiongeze, usipunguze, usipige soga. Baada ya majuma kadhaa rudi kwa mzee yuleyule, umuulize yaleyale. Majibu yakilingana, kipimo kinaaminika. Wazee wenye alama za juu wangepandishwa gari la mradi hadi Lodwar wakaonwe na daktari wa akili.

Maswali yenyewe yalinikera tangu mwanzo. Je, unakula kidogo kuliko zamani? Muulize hivyo mtu ambaye hajaona chakula tangu jana. Je, unaamka alfajiri usipate usingizi tena? Mfugaji gani hulala hadi jua litoke? Bibi mmoja mcheshi, mwenye njaa tu, alipata alama za kutisha. Nilipomwambia ni mgonjwa wa huzuni alicheka hadi akakohoa, kisha akaniomba unga.

Halafu kuna huyu mzee, nje kidogo ya Kakuma, kando ya laga, ule mto mkavu. Mbuzi wake walikwisha kwa ukame, mkewe akafuata, naye akachukuliwa na bintiye anayeuza makaa. Huyo binti alinivuta kando hata kabla sijakaa.

"Dada, baba anatuacha. Chakula nikipata nampa yeye kwanza, lakini hali chochote. Wajukuu wakimwita hageuki. Mpeleke Lodwar, nakuomba."

Basi nikamsalimu mzee. Ejok? Ejok. Nyumbani? Ejok. Watoto? Ejok. Kila kitu kizima. Nikafungua tableti, nikasoma. Una huzuni? Hapana. Bado unafurahia maisha? Nafurahia. Alama zikatoka za chini kabisa, za mtu asiye na neno. Binti alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Nikamwambia nitarudi, labda mara ya pili atasema.

Niliporudi, mzee alikuwa amekonda hadi shuka lilimteleza begani. Majibu yakawa yaleyale, hata moja halikubadilika. Nikampigia simu msimamizi wetu, kijana msomi aliyetoka huko chini, "Kenya", kama tunavyosema huku kwetu, kana kwamba sisi hatumo. Alifurahi kweli.

"Safi sana, Madam. Yamelingana kabisa."

Nilikuwa nimechoka hoi, miguu imevimba, na hasira zimenifika hapa kooni. Nikazima tableti. Nikatoa tumbaku, ile ambayo kila mtu huku humpelekea mzee anapomtembelea, na ambayo mradi ulikataza isije ikaonekana hongo. Akaipokea kwa mikono miwili. Tukatafuna kimya mpaka kivuli kikatuhama, tukasogea, tukaendelea kukaa.

Ndipo nilipong'amua tulichokuwa tukifanya. Kwetu mtu hamwagi shida zake mlangoni. Kwanza kila kitu ni kizima, hata kama jana umezika. Kisha tumbaku, kisha kimya, halafu ndiyo habari yenyewe. Maswali yetu yalikuwa yakiisha kabla salamu hazijaisha. Tulikuwa tunapima adabu ya wazee, na adabu yao, hilo ni kweli, haibadiliki hata ukirudi mara kumi.

"Binti yangu," mzee akasema, wala sikuwa nimemuuliza, "mimi nikilala namwomba Mungu nisiamke. Asubuhi nikiona mwanga, nakasirika."

Nikasogea kando, nikampigia tena msimamizi.

"Hayo ameyasema nje ya maswali, Madam. Ukiyaingiza, umeharibu kipimo."

"Na mzee akiharibika?"

Sauti ikamshuka. Hata yeye alikuwa amechoka, maskini. "Apande gari," akasema. "Lakini alama haziguswi." Kwa hiyo katika hesabu za mradi, mpaka leo, yule mzee ni mzima wa afya.

Lodwar, mimi, mzee na bintiye, tulikuta foleni imetoka hadi uani. Daktari alikuwa mama wa hapa hapa, macho mekundu kwa uchovu. Alimuuliza mzee kwa Kiturkana, kwa upole, lakini haraka. Mzee akaninyoshea kidevu.

"Nilishamwambia huyu."

Daktari akamuuliza tena. Mzee akatazama sakafu. Jambo kama lile, kwake, mtu husema mara moja.

"Asiposema mwenyewe siwezi kumlaza," daktari akaniambia. "Nitampa vitamini arudi nyumbani." Tayari alikuwa ananyosha mkono amwite mwingine. Binti akajifunika uso kwa leso.

Nikapiga moyo konde, nikaanza kusimulia mimi, mbele ya mzee mwenyewe, jambo ambalo kwetu ni aibu kubwa. Nikaeleza mbuzi. Nikaeleza mkewe. Nikaeleza chakula kinachobaki kwenye sahani na wajukuu wanaoita. Nilipofika pale anapolala na kumwomba Mungu, sauti ikanikatika. Nilijikaza, wapi.

Mzee akainua kichwa, akamtazama daktari, akamalizia mwenyewe.