Maneno Ambayo Baba Hakuyasema

Nakumbuka siku niliyopanda basi hapa Likasi kwenda Kapolowe, kumwomba baba yangu mzazi aniondolee laana. Nakusimulia, mwanangu, kwa sababu jana nilipita karibu na dirisha lako nikakusikia. Ulikuwa umeshika simu, bei imekugeukia, na ulikuwa unajiambia kwa sauti ya chini: "Weye ni muntu wa bule." Wewe ni mtoto wa mdogo wangu, kwa hiyo ni wangu, na maneno hayo ndiyo yaliyommaliza babu yako.

Miaka ile internet ilikuwa imeanza kupatikana vizuri kwenye simu zetu, nami nilikuwa sijafika arobaini. Tulikuwa kikundi kidogo cha watu tunaocheza bei. Unaweka pesa, unasema kitu fulani kitapanda au kitashuka, ukikosea zinaliwa. Wenzangu walicheza dola na euro. Mimi nikasema hapana, mimi nitacheza shaba, mimi ni mtoto wa Likasi, nimekulia kwenye vumbi la kiwanda, Papa, baba yangu, ameyeyusha shaba miaka yake yote. Nani ataijua kuliko mimi? Ujinga mtupu. Kuyeyusha kitu ni kazi moja, kujua bei yake itaamkaje kesho huko Ulaya ni kazi nyingine, na hiyo nilikuwa siijui.

Lakini si kutojua kulikoniua. Anayekosea leo anaweza kujifunza kesho. Kilichoniua ni kwamba kila nilipopoteza, niliisikia sauti ya Papa kichwani: weye ni muntu wa bule, hakuna kitu kitasimama mu mikono yako. Nilikuwa naisikia tangu mwaka nilioanguka mtihani wa mwisho wa sekondari. Basi, badala ya kufunga simu na kula chakula changu, nilikuwa naweka pesa mara mbili ya zile zilizokwenda, ili nimwonyeshe. Unanielewa? Soko nilikuwa nimeshalisahau. Nilikuwa nabishana na mzee. Hivyo ndivyo kiwanja changu kilivyokwenda, na mke wangu akarudi kwao na watoto.

Nilipokwisha kabisa nilikwenda kwenye chumba cha maombi. Waliokuwa wakiombea watu pale wakaniuliza ni nani aliyefunga mikono yangu. Nikasema mbele ya watu wote kwamba ni Papa, alinilaani kwa kinywa chake. Nilisema nikilia, na niliamini kila neno. Watu wa Likasi wana ndugu Kapolowe, mwanangu. Habari ilifika kule kabla yangu.

Papa alikuwa amestaafu kiwandani, amerudi kijijini kulima. Nilimkuta anapukuchua mahindi peke yake, amezeeka ghafla. Kanisani pale misheni hakuna aliyekaa naye tena benchi moja, na majirani walikuwa wamewakataza watoto kumsalimu. Sikumuuliza habari za afya yake. Nilimwomba tu afanye kama wazee wetu wanavyofanya: atie maji mdomoni, aseme amenisamehe, anipulizie kifuani, laana itoke.

Aliniuliza: "Ile maneno, minye nilisemaka siku gani?"

Nikamwambia, siku ya matokeo ya mtihani. Akaweka gunzi chini.

"Ile siku sikusemaka kitu. Nilikuwa na haya. Sikukuwa na franga ya kukurudisha ku masomo, njo maana nilienda ku shamba."

Nikatafuta kichwani, mwanangu, nikatafuta kweli. Niliuona mlango, niliuona mgongo wake akitoka na jembe. Mdomo wake sikuuona ukifunguka. Maneno yote yale niliyaweka mimi mahali aliponyamaza, kisha nikayapa sauti yake, nikaishi nayo karibu miaka ishirini.

Utafikiri niliomba msamaha. Sikuomba. Aibu ilinifunga, nikasema hata hivyo, Papa, fanya tu. Naye alijua vizuri kinachomngoja: majirani walikuwa wamesimama kwenye uzio wanatazama, na mzee anayeondoa laana amekiri kwamba ni yeye aliyeiweka. Alijua, na bado alikwenda kuchukua kikombe cha maji.

"Kama itakusaidia," alisema, "acha baseme." Akanipulizia mbele yao wote.

Haikunisaidia. Wiki ileile nilikuwa tena kwenye simu, na sauti ilikuwa palepale, maana mwenye sauti alikuwa mimi mwenyewe. Papa alikufa kabla mvua za mwaka ule hazijaisha. Kaburi lake tulichimba mimi, baba yako, na wanaume wawili wa misheni. Wengine wote walibaki majumbani mwao. Siku hiyo niliacha kucheza bei, lakini ilikuwa imeshachelewa kwa kila mtu. Nimewaeleza watu ukweli mara nyingi. Hawaamini, waliyaona maji kwa macho yao. Ndiyo maana na wewe umekua ukisikia kwamba babu yako alikuwa mchawi.

Kwa hiyo nisikilize. Soko halina habari nawe; halikuchukii wala halikupendi. Ukipoteza, sema umepoteza, na uishie hapo. Ukiongeza kwamba wewe ni wa bure, pesa utakayoweka baada ya hapo haitakuwa ya biashara tena, itakuwa ya kujibu tusi. Funga simu, toka nje, kaongee na mtu anayeweza kukujibu. Na sauti ikija, iulize: nani alisema, siku gani, nani alikuwepo? Kama kuna mtu unamshuku, nenda kamuulize angali hai, mkiwa wawili, kabla hujamtaja mbele za watu. Sikudanganyi kwamba sauti itanyamaza. Yangu haijanyamaza, na sasa ina jambo la kweli la kunishtaki.

Mimi sitaki kukuachia kimya ukijaze mwenyewe. Mama yako yuko hapa, anasikia, awe shahidi. Siku nitakapokuwa sipo, ukisikia sauti yangu kichwani inakutukana, ujue si mimi. Kinywa changu kilisema hivi tu: weye ni mutoto wetu, na tunakupenda hata mikono ikiwa mitupu. Mungu akulinde, akupe usingizi, uzae, uzeeke, na wakuzike watu wengi.