Njia Yangu ya Msituni Ilivyowafikia Wakwe

Jamani, chekeni kabisa mmalize ndipo nianze, maana aibu yenyewe bado mbichi, nikipita mtaani kwetu Viwanja Sitini, hapa Ifakara, hata mbuzi naona wananitazama kwa pembeni halafu wananong'onezana.

Mnanijua mimi Desderi, mtoto wa Mzee Severini, yule aliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni (cheti kipo, kiko ukutani kwenye fremu, na aliyefika kwetu bila kukiona basi alikuja amefumba macho). Akili za darasani ninazo, kinachonishinda ni kutulia. Nikikaa kwenye kiti naanza kutikisa mguu, baadaye natikisa na kiti chenyewe, mwisho najikuta niko nje na sijui nimefuata nini. Ndiyo maana kwenye ule mchezo wa simu, ule wa watano kwa watano, nilijichagulia nafasi ya mtu wa msituni. Kwa wasioujua: wenzako wanne wanapigana na maadui kwenye njia zao, uso kwa uso, wewe unazurura vichakani unaua wanyama, kila mnyama anakuongezea nguvu, ukishashiba unawatokea maadui kwa nyuma. Wanyama wakubwa ni mwekundu na wa bluu, kila upande una wa kwake, na kazi yote iko mwanzoni: unaanza na nani, unafuata nani, unavukia wapi. Ukikosea hapo, mechi nzima unakuwa mtalii.

Sasa mimi nilikuwa nimebuni njia yangu mwenyewe. Kwa kawaida mwenzako mmoja anakuja kukusaidia kumpiga yule mwekundu, maana ana mkono mzito kama mlango wa ghala. Mimi nikasema huo ni uoga, nitaanza naye peke yangu, wenzangu wawahi njia zao, halafu nivuke mto nikaibe mnyama wa maadui kabla hawajashtuka. Wiki nzima nilichora hiyo njia, nilichora kwenye vumbi la mashine ya mpunga, nilichora kwenye viroba, mpaka kwenye wali nilichora kwa kijiko, mchuzi wa perege ukiwa ndio mto. Jumamosi jioni tulikuwa na mechi na vijana wa Mlimba, na hao walikuwa wametutambia mwezi mzima.

Jumamosi hiyohiyo ndiyo siku wakwe walikuwa wanaleta barua ya posa ya mdogo wangu Neema.

Na hiyo haikuwa posa nyepesi, msiichukulie kirahisi. Mchumba wake, Masanja, ni Msukuma wa Malinyi, kwao wafugaji watupu, na sisi ni Wapogoro wa jembe. Baba yangu ng'ombe waliwahi kumlalia mpunga shamba zima, hadi leo akisikia kengele ya ng'ombe hata redioni anasimama. Na kwa akina Masanja nako walikuwa wanaambiana kwamba wenyeji wa bondeni ni wezi wa mifugo, msiwape mgongo. Neema alibembeleza pande zote mbili mpaka akakonda. Asubuhi hiyo alinishika mkono akaniambia, "Kaka Desi, nakuomba. Leo tu, utulie."

"Mdogo wangu," nikamjibu, "leo utanipita ukidhani ni nguzo."

Nguzo yenyewe ikapewa kazi ya muziki. Tuliazima spika kubwa kwa jirani, ile ya kuungwa na simu kwa bluetooth, na ni spika yenye kiburi, kuiunga lazima uibembeleze kama mtoto anayekataa dawa. Basi wageni walipoingia baba akanipa ishara nizime, nami nikazima wimbo tu, simu nikaiacha imeungwa vilevile, nani aanze kuibembeleza tena baadaye? Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, na nililichimba kwa uvivu wa kidole kimoja.

Wageni wakaketi uani. Mkubwa wao alikuwa Mzee Luhende, baba yake mkubwa Masanja, mrefu, mwembamba kama ufito, fimbo mkononi. Nikamsalimia kwa adabu zote, "Shikamoo mzee," "Marahaba mwanangu, hamjambo hapa," mambo safi. Akasimama mshenga wao, na huyo bwana alikuwa hana haraka, aliyaingia maneno kwa mlango wa mbele akatokea wa nyuma akarudi tena, na mguu wangu ukaanza. Mechi ilikuwa inakaribia. Nikajiambia dakika moja tu, nikapita nyuma ya jiko, nikajibanza kwenye banda la kuku, kuku wakapiga kelele mpaka masikio yakaziba.

Nilikuwa nimerekodi maelezo ya ile njia ili niwatumie wenzangu, ila nilitaka niyasikilize kwanza. Nikabonyeza. Kimya. Nikapandisha sauti. Kimya. Nikapandisha mpaka mwisho nikarudia tangu mwanzo. "Mtandao huu!" nikasema (mtu mwenye cheti kwenye fremu!).

Yaliyotokea uani nilisimuliwa baadaye na Shangazi Tekla, ambaye mpaka leo husimulia akiwa amesimama, kwa vitendo. Mshenga alikuwa amefika pale pa "sisi tumekuja kwa amani na upendo" ndipo spika ikakohoa, ikaanza kunguruma kwa sauti yangu:

"Oya sikilizeni. Hawa jamaa tunawaacha waingie kwanza, wajisahau. Mimi namaliza na mwekundu, nashuka mtoni, halafu navuka kwao kimyakimya kupitia kichakani, nawaibia mnyama wao. Wakija kushtuka tumeshamla. Na yule mzee mrefu mwenye fimbo, huyo mpigeni wa kwanza, hana damu yule, mkimgusa mara mbili kaisha."

Mzee mwenye fimbo ni mpiganaji mmoja wa akina Mlimba kwenye mchezo, na damu ni ule uhai unaopungua ukipigwa, lakini uani pale nani alijua? Kaka yake Masanja alikuwa amevaa shati jekundu. Shangazi anasema alilishika kifuani kama limewaka moto. Wakati wanatazamana, spika ikaanza tena tangu mwanzo, safari hii kwa sauti ya kusikika mpaka Malinyi kwenyewe.

"Desderiii!"

Nilitoka bandani na manyoya ya kuku kichwani. Watu wote wamesimama isipokuwa Mzee Luhende, ameilaza fimbo magotini, ananitazama taratibu.

"Mwanangu, huyo mzee mwenye fimbo ni mimi?"

"Hapana mzee! Yule ni mwingine kabisa, yule anatoa radi."

"Anatoa nini?"

"Radi, mzee. Kwenye fimbo."

Baba akajifunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Ni mambo ya kwenye simu, mzee wangu," nikazidi kujieleza.

"Kumbe," akasema yule wa shati jekundu, "na kupanga mmepanga kwa simu. Baba mkubwa, twende zetu. Si tuliambiwa!"

Nikageuka, nikamwona Neema amesimama mlangoni na sinia la maandazi, Masanja anamtazama, na yeye hamtazami mtu. Wakitoka pale, basi imeisha, na baba angekuwa wa kwanza kufunga geti. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Ifakara ni tope, ingenimeza nusu tu.

"Nitawaonyesha!" nikapiga kelele. "Mkiona kwa macho yenu mtaamini!"

Nikakaa mkekani katikati yao, nikafungua simu, mechi ndiyo inaanza. Wazee wakanizunguka, Mzee Luhende akainama mpaka nasikia anapumua sikioni. Spika nayo bado imeungwa, kila hatua ya mchezo inalia uani kama mtu anatwanga. Mara ikatoka sauti ya Kibwe, mwenzangu wa timu:

"Desi, nije nikusaidie mwekundu?"

Macho yote kwangu. Ningesema nini? Ningesema njoo, mimi niliyenguruma kwa spika kwamba naweza?

"Kaa kwenye njia yako, Kibwe!"

Nikamvaa mnyama. Jasho linaniingia machoni, nikibonyeza kukwepa najikuta nimemsogelea.

"Wewe ni yupi hapo?" akauliza Mzee Luhende.

"Huyu mdogo, mzee."

"Huyu anayepigwa?"

"Ndiyo, mzee."

"Mbona harudishi?"

"Anarudisha, mzee, ila..."

Nikafa. Skrini ikawa ya kijivu, spika ikalia *puuu* ya msiba, na Kibwe akasikika uani kote: "Desi, umeuawa na mnyama? Mnyama, Desi? Maadui wenyewe hata hawajafika!"

Nikasikia kitu kinakoroma nyuma yangu, nikadhani mzee amepandwa na hasira, kumbe anacheka, anacheka mpaka amejishikilia kwenye bega langu asianguke.

"Severini," akamwambia baba, akijifuta machozi, "wezi wa ng'ombe mimi nawajua, nimewakimbiza tangu ujana. Huyu wako si mwizi. Huyu akiingia zizini kwangu usiku, asubuhi nitamkuta ng'ombe amemlalia."

Na baba yangu, mtu wa kengele yule, akacheka! Alianza kwa kujizuia, mabega yakamshinda, wakawa wanacheka wawili, mkulima na mfugaji, wanashikana mikono, kisa mimi. Yule wa shati jekundu akakaa. Mshenga akakohoa, akaendelea pale pa amani na upendo, barua ikapokelewa, na Neema aliponipa andazi alininong'oneza, "Ungemshinda huyo mnyama, ningekuua mimi."

Mechi tulifungwa vibaya, hilo msiniulize. Wakwe sasa wananiita Shemeji Kichaka, na Mzee Luhende akipiga simu kwa baba, kabla ya kuuliza mvua, anauliza kama mwekundu bado yu hai. Yu hai, mzee wangu, tena amenenepa. Mimi nimeapa mbele yenu hapa: njia mpya sitaijaribu tena mbele za watu, na mtu akiniuliza "nije nikusaidie?" najibu njoo, tena njoo mbio, njoo na ndugu zako.