Nilimkana Kipa Wangu Mbele ya Katibu wa Masomo

Kosa ni langu. Naanza na hilo kwa sababu kwa muda mrefu, kila nikisimulia habari hii, nilianza na "lakini". Lakini kazi zilikuwa nyingi. Lakini basi lilikuwa linanisubiri. Nimechoka na hizo lakini zangu. Nilikosa, na mwingine akaadhibiwa.

Nilikuwa kocha wa timu ya mpira ya chuo kimoja hapa Butembo, mashariki mwa Kongo. Sitakitaja. Miaka sita nilifundisha vijana kwenye uwanja wenye mteremko, mpira ukitoka unakwenda kuutafuta katika maharage ya watu. Jezi tulivalia nyuma ya ukuta wa kanisa. Niliipenda kazi ile, jamani! Sikuwa na kingine cha kujivunia.

Mwaka ule tukafika fainali ya vyuo, kule Beni, dhidi ya wenyeji. Mechi ikaangukia Jumamosi, katikati ya mitihani. Katibu wa masomo akaniita ofisini. Ni mtu mkavu, hata salamu anaitoa kwa kipimo.

"Coach, bachezaji yako batafanya examen ya Jumamosi siku ya Jumatatu. Mais uniletee liste, jina yote, na signature yako. Mwenye hayuko kwa liste, ana zéro. Na utajibu weye."

Nikawaambia vijana wasihangaike, majina nitaandika mimi mwenyewe.

Sasa nieleze kitu kwa wasiotoka kwetu. Sisi Wanande mtoto anapewa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na kuendelea. Karibu kila ukoo una Kasereka wake, kwa hiyo jina la pili ndilo linalokutofautisha na wenzako. Kwenye timu nilikuwa na watatu! Uwanjani niliwaita Kasereka Murefu, Kasereka wa Kushoto na Kasereka Kipa. Ilitosha kabisa, mpira hauulizi jina la pili.

Nikaandika majina kumi na saba bila shida. La kumi na nane lilikuwa la Kasereka Kipa, na hapo kalamu ikasimama. Sikulijua jina lake la pili. Miaka mitatu! Nilijua goti lake lipi linamuuma wakati wa baridi, nilijua upande gani anachelewa kuruka. Jina lake sikulijua.

Ningempigia simu. Niliona aibu. Kocha gani anamuuliza kipa wake wa miaka mitatu, wewe unaitwa nani? Nikaenda kwenye bango la matangazo, nikatafuta orodha ya darasa lake, nikanakili Kasereka wa kwanza niliyemwona, nikatia sahihi. Chini yake kulikuwa na Kasereka mwingine. Sikushusha macho.

Beni tulitoka sare, bao moja kwa moja. Kwenye penalti Kasereka akapangua mbili. Mbili! Kombe likawa letu, na watu wa Beni wenyewe walimpigia makofi. Rais wa klabu moja kubwa ya pale akanijia, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Coach, tuko natafuta mutu sérieux kama weye. Semaine ijayo nitakuita."

Sérieux, yaani mtu makini, mimi! Kichwa kikavimba. Jumapili tulirudi Butembo mchana kweupe, pikipiki zikitupigia honi tangu mwanzo wa mji, na mimi nimekaa mbele kama bwana harusi.

Jumatatu asubuhi simu ikalia, ni Kasereka Kipa. "Coach, banakataza niingie. Banasema siko kwa liste."

Nilikimbia. Ofisini nikamkuta katibu ameshika karatasi yangu. Kasereka amesimama pembeni, kifundo cha mkono kimefungwa bandeji kwa sababu ya zile penalti. Katika chumba cha mtihani, yule Kasereka niliyemnakili alikuwa ameshakaa. Kijana mnene ambaye hajawahi kupiga mpira maishani mwake! Mtihani wa Jumamosi alikuwa ameufanya vibaya, akasikia jina lake linaitwa tena, akadhani Mungu amemkumbuka.

"Coach, huyu mutu ni wa kwako?"

"Ndiyo, chef."

"Juu ya nini hayuko kwa liste?"

Sentensi moja tu ingetosha. Nimekosea jina. Katibu angefoka, angenitukana, kisha angefuta na kuandika upya. Mtihani ulikuwa haujaanza! Lakini masikioni nilisikia "mutu sérieux". Nikamwona yule rais wa klabu akipata habari kwamba kocha anayemtaka hajui hata majina ya wachezaji wake. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Niliambia kila mumoja aniletee jina yake. Huyu hakuleta."

Kasereka akanigeukia taratibu. "Coach, ulisema utaandika weye mwenyewe."

"Usinifanye muongo mbele ya bakubwa!"

Nilimfokea, Mungu wangu! Nilimfokea mtoto aliyenipa kombe siku mbili kabla. Alikuwa amelelewa vizuri, hawezi kubishana na mkubwa mbele ya watu, na mimi nililijua hilo wakati nafungua mdomo. Malezi ya mama yake ndiyo niliyoyatumia kumnyamazisha.

Akapata sifuri. Lilikuwa somo kubwa, na kwa sifuri ile mwaka wote ukaenda. Baba yake mdogo, aliyekuwa akimsomesha, akasema kama ni mpira basi abaki na mpira. Kasereka akarudi kwa mama yake, katika mji wa Kirumba, akaanza kupakia magunia kwenye malori.

Mimi nikakaa nikisubiri simu ya Beni. Ilikuja kweli. "Coach, kuja. Mais kuja na ule kipa." Nikasema kipa ameacha masomo, hapatikani. "Ah bon. Donc, nitakuita." Hakuita tena.

Na yule kijana mnene akawa anasimulia bahati yake kila mahali, mpaka timu ikaelewa. Kapteni akanijia peke yake, kwa adabu zote.

"Coach, batoto banasema hapana. Kama Kasereka ulimufanyia vile, kesho itakuwa sisi."

Nikadhani ni hasira za siku mbili. Nikaenda mazoezini, nikapanga koni zangu, nikasubiri mpaka mvua ikanyesha. Hakuna aliyekuja. Leo nauza vipuri vya pikipiki kwenye duka la kaka yangu, na wapo wateja wanaoniita Coach bado. Inanichoma kila mara.

Nilikwenda Kirumba kuomba msamaha. Nilimkuta Kasereka sokoni, vumbi la muhogo mpaka kwenye kope. Hakunitukana. Akanisalimia, akanipeleka kwao. Mama yake aliponiona alitoka jikoni akikimbia.

"Coach! Wasingya kutsibu! Asanti kwa kumuchunga mutoto wangu. Aliniambia yote. Weye ulijikaza juu yake, ni uvivu yake ilimuangusha. Minakuombea kila asubuhi."

Akachinja kuku. Kwa ajili yangu! Nilimtazama Kasereka, naye akatazama sahani yake. Maneno nilikuwa nayo kooni, nimetoka nayo Butembo, nimeyapanga njia nzima. Nikayameza pamoja na ugali. Nikala na paja, kwa sababu mama alisema paja ni la mgeni.

Kasereka akanisindikiza mpaka barabarani. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mama yake ukweli.

"Ingemuuma mara mbili, Coach. Acha aamini kama kule Butembo kulikuwa mutu ananisaidia."

Nikapanda gari.

Baada ya siku ile njia ya Kirumba ilibaki wazi muda mrefu, na sikurudi. Sasa kuna vita, huendi kule unavyotaka. Nitasema jambo la aibu: siku niliposikia njia imefungwa, nilishusha pumzi. Huyo ndiye mimi!

Ninyi mnaofundisha vijana, iwe mpira, iwe kwaya, iwe darasani, msijidanganye kwamba mtasahihisha kesho. Ukimkosea mtoto wa watu, sema palepale, mbele ya yuleyule anayekuuliza, hata kama kazi itakwenda. Mimi nilidanganya ili niilinde kazi, na kazi ikaenda vilevile.

Na kama msomaji yeyote anamfahamu mama mmoja wa Kirumba anayemwombea kocha kila asubuhi, tafadhali amwambie aache. Kocha mwenyewe ameshindwa kumwambia.